Mitutu miwili ya babu: ngozi ibaki, kitako kipya, au mitutu ivishwe upya?

Kibwana_Korogwe:
Wakuu, habari za jioni. Familia imenitwika kazi, naomba mnisaidie kupima njia.

Marehemu babu alikuwa msimamizi kwenye mashamba ya mkonge. Ameacha shotgun ya mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu, kaliba 12. Kwa sasa ipo kituoni hadi leseni itoke kwa jina la baba mdogo. Fundi mwenye kibali aliruhusiwa kuikagua, nami nikawepo.

Shingo ya kitako ilivunjika zamani. Mtu akaifunga kwa ngozi mbichi, akaishona kwa kano, na ilipokauka ikabana mpaka leo haitikisiki. Nyuma ya kitako kuna bamba la shaba lililopigiliwa misumari ya viatu. Jina la mtengenezaji juu ya mitutu limeliwa na tupa, kumebaki "& CO." basi. Kwenye wenzo wa kufungulia kuna tarakimu 2 ya dhahabu. Chini ya mitutu kuna taji juu ya BP, taji juu ya BV, taji juu ya NP, na almasi yenye 12 na C ndani.

Njia tatu mezani:
a) ngozi ibaki, bunduki isipigwe tena;
b) kitako kipya cha mninga, mitutu ile ile;
c) ipelekwe Uingereza ivishwe mitutu mipya.

Baba mdogo anataka b, kwa sababu nguruwe wanamaliza mahindi.

Nanyuki_Juu:
Pole kwa msiba, ndugu. Tuanze na umri, maana humu watu hukimbilia bei.

BP, BV na NP chini ya taji ni mihuri ya nyumba ya majaribio ya Birmingham, mahali mitutu inapopimwa nguvu kabla ya kuuzwa, kuanzia 1904. Almasi yenye C ilitumika 1887 hadi 1925, baada ya hapo wakaanza kuandika urefu wa chemba, yaani sehemu ya mtutu risasi inapokaa. Kwa hiyo mitutu yako ilipimwa kati ya 1904 na 1925. Angalia pia kama kuna alama ndogo ya siri ya mwaka, walianza kuigonga 1921. Isipokuwepo, rudi nyuma kidogo.

Jina ndilo gumu. Birmingham walitengeneza, mwenye duka akaandika lake. Hata hapa Nairobi Charles Heyer aliuza bunduki zenye jina lake. "& CO." inaweza kuwa duka lolote, na namba bila jina haikupeleki popote kwa sababu kila duka lilikuwa na mfululizo wake. Ingekuwa Purdey au Boss, watengenezaji wa London, vitabu vyao vipo. Ingekuwa Army & Navy, duka la London, daftari zao za silaha zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Glasgow. Shukuru tu si ile ya Liège, Ubelgiji, yenye mhuri wa ELG na jina "W. Richards", iliyopewa jina hilo ili mnunuzi adhani ni Westley Richards, mtengenezaji maarufu wa Birmingham.

Na hiyo 2 usiipite haraka. Yako ni ya pili katika pea. Matajiri waliagiza mbili zinazofanana: moja inapigwa, nyingine iko mikononi mwa mpakiaji. Nambari 1 iko wapi?

Fundi_Mitutu:
Mkuu Kibwana, kabla ya kuchagua mbao, mitutu kwanza. Kitako hakimuui mtu.

Jina lililoliwa na tupa linaniambia kuna mtu aliisugua mitutu ili aitie weusi upya. Swali ni weusi gani. Mitutu ya Waingereza wa wakati ule, ule utepe wa chuma wa katikati umeshikwa kwa lehemu ya bati. Ukiitumbukiza kwenye ile dawa ya chumvi kali inayochemka, dawa inaila lehemu, unyevu unabaki ndani na kutu inafanya kazi usipoiona. Weusi wake halali ni ule wa kutu ya polepole. Mwambie fundi aitoe mitutu, aining'inize kwa ndoano yake, aigonge kwa kipande cha mti. Ikilia kwa sauti ndefu, lehemu ipo. Ikitoa sauti iliyokufa au mlio wa kutetemeka, umeshajua.

Halafu apime unene wa ukuta wa mtutu, mwote, si mdomoni tu. Wengi hawakubali chini ya nusu milimita. Kipenyo cha ndani kikiwa kimeongezeka robo milimita juu ya kilichoandikwa, kwa kipimo cha Waingereza imeshatoka nje ya majaribio yake, yaani mihuri ile haihesabiki tena.

Chemba za enzi hizo kwa kawaida ni milimita 65. Risasi za madukani leo ni 70. Itaingia vizuri kabisa, ndiyo hatari yake, maana ganda likifunguka linabana njia ya marisawa na shinikizo linapanda.

Mwisho, atoe kile kipande cha mbao cha mbele, aifunge, aitikise. Chemchemi ya kile kipande huficha ulegevu. Nimeshakuta kibati cha kopo kimechomekwa kwenye ndoano ili ionekane imekaza. Fundi wa mtaani anakiita ukarabati.

Yakipita yote, b inawezekana. Mninga haupindi ovyo. Mpingo usijaribu, ni mzito mno.

Bi_Chande:
Mimi napinga b. Sikubaliani na Fundi kwamba kitako ni jambo la baadaye.

Jina limefutwa, duka halijulikani. Kilichobaki kueleza bunduki hii ilikoishi ni hiyo ngozi na misumari ya viatu. Ukiweka mninga mpya unapata bunduki ya Birmingham isiyo na jina, na hizo ni nyingi. Hiyo yenye kano za Korogwe iko moja.

Ikibaki, ngozi isipakwe mafuta, italainika na mshono utaachia. Kagueni wadudu kwenye mikunjo. Mafuta ya bunduki yasishuke kwenye mbao pia, hifadhini mdomo ukiangalia chini.

Mkulima_Mvomero:
Dada, nguruwe hasomi historia 😀 Baba mdogo anunue Baikal, bunduki ya kawaida ya Kirusi, ya babu ikae. Njia c sahau. Wanakata mitutu mbele ya chemba, wanaingiza mirija mipya, sheria yao inataka igongwe neno SLEEVED, na ukijumlisha usafiri na vibali vya nchi mbili umeshapita thamani yake.

Fundi_Mitutu:
Hapo kwenye c nakubali. Kazi yenyewe ni nzuri, nimeona zilizofanywa vizuri, lakini kwa bunduki isiyo na jina hailipi.

Nanyuki_Juu:
Jambo moja tumelisahau. Tanzania si bunduki zenu zina namba ya TZ CAR, ile ya daftari kuu la silaha? Msisumbue Birmingham kabla hamjauliza faili la hapo nyumbani.

Kibwana_Korogwe:
Ipo, imegongwa pembeni ya chuma. Baba mdogo ataomba kituoni waangalie kama faili lina mmiliki kabla ya babu. Shangazi anasema ilitoka kwa meneja Mgiriki aliyeondoka mashamba yalipotaifishwa, ila hakumbuki jina.

Kwa sasa c imeondoka. Baba mdogo ameelewa habari ya chemba ya milimita 65, amekubali isipigwe hadi vipimo vitoke.

Fundi_Mitutu:
Vizuri. Fundi akimaliza, leta unene wa ukuta wa kila mtutu, kipenyo cha ndani na urefu wa chemba. Na picha ya almasi kwa karibu, watu huchanganya C na LC, ambayo ni ya chemba ndefu.