Mbona "Erlkönig" ya Schubert ni opus 1?

Swali: Wakuu, kati ya nyimbo za mtunzi Schubert, "Gretchen am Spinnrade" ni ya 1814, "Erlkönig" ya 1815. Mbona ya pili ndiyo opus 1?

Jibu: Opus (namba ya kazi ya mtunzi) hapo hufuata uchapaji, si utunzi. Wachapaji walihofia hasara, marafiki wakachanga gharama, Cappi & Diabelli wa Vienna wakaiuza kwa kamisheni mwaka 1821. Kwa mfuatano wa utunzi tazama namba za D (orodha ya Deutsch ya kazi za Schubert): Gretchen 118, Erlkönig 328.

Jibu: Angalia na toleo pia, yapo manne, lililochapwa ni la nne. Nakala aliyopelekewa Goethe, mshairi wa maneno yake, 1816 imerahisishwa: kwenye piano mkono wa kulia noti mbilimbili badala ya tatutatu. Ukipiga tatutatu, legeza kifundo. Ukikaza kiwiko, oktavu (noti ileile juu na chini kwa pamoja) zitakushinda mapema. Erlkönig, mhusika wa wimbo, akianza kuimba, shuka hadi pp (sauti ya chini sana), mkono upumue.