MREJESHO: binti yangu hasikii, masomo ya WhatsApp ilikuwa inamuliza

Bandugu wa Goma na kwingine, mwezi jana niliuliza hapa juu ya binti yangu wa miaka 9, hasikii, masomo ilihamia kwa telefone akaanza kulia kila asubui na kukojoa kitandani. Narudi na habari.

Yule dada aliyeniambia niangalie kwanza nini wanamutumia, Mungu akubariki. Nilifungua nikakuta vokali 23, ni kusema ujumbe wa sauti. Vokali, kwa mtoto kiziwi! Kumbe kaka yake anasikiliza za darasa yake anacheka, yeye anabaki kuangalia ile mistari inatembea tu, na mimi nilikuwa namuita mukaidi.

Nilienda kwa madame wake wa masomo, sikugombana (ingawa nilitaka), tukapatana: video fupi ya lugha ya alama, uso na mikono vionekane, na picha ya ubao. Inakula mega (data ya internet) sana, basi ni mara mbili kwa wiki.

Lakini kitu imesaidia zaidi si ata masomo. Jumamosi namupeleka Ndosho, mtaa ya hapa Goma, kwa mwenzake kiziwi, banakaa juu ya mawe ya volkano banaongea kwa mikono mpaka jioni. Usiku huo kitanda inabaki kavu. Siku zingine bado.

Na mimi najifunza alama. Jana nilitaka kusema sombe (majani ya muhogo), sijui nilisema nini, akacheka mpaka akaanguka.

Sasa kuraa (umeme) ikikatika, gizani hatuongei tena. Nani anajua taa nzuri ya solar, si ya bei kali?