Nimekuta daftari langu la wodini la 2016. Je, ninyi huwa mnarudia mliyoyaandika?

Mama wa Kihesa, Iringa

Habari za jioni wapendwa. Naomba mawazo ya wale wenye tabia ya kuandika mambo yao.

Namuuguza mama. Kiharusi kilimpiga mwezi wa tatu, upande wote wa kulia, na maneno yakapotea. Tuko nyumbani sasa. Namkunja kiwiko, namfungua vidole kimoja kimoja asubuhi na jioni, namgeuza kila baada ya saa mbili asije akapata vidonda. Hii ni wiki ya saba, na mkono haujafanya kitu. Juzi nililia jikoni mpaka uji ukaungua.

Jana, nikitafuta kadi yake ya bima kwenye tranka langu la shule, nikakuta daftari la bluu lililotafunwa kona na panya. Mwanangu wa kwanza alizaliwa wiki ya 30, gramu 1,380, nikambeba kifuani ngozi kwa ngozi, ile njia wanayoiita kangaruu, siku 34. Nesi alinishauri niandike kila anachokunywa. Nikaandika hayo na mengine:

"Siku ya 4. Gramu 1,290. Ameshuka tena. Maziwa ml 6 kwa mpira wa puani. Nimekamua nusu saa, kijiko tu."

"Siku ya 11. Gramu 1,310. Wanasema anaendelea vizuri. Mimi sioni."

"Siku ya 19. Amenyonya mwenyewe mara tatu, akachoka. Wa kitanda cha dirishani wameruhusiwa na mtoto wao. Nimewapongeza, kisha nikajifunika kitenge usoni."

Nilipokuwa nasoma, huyo wa gramu 1,290 alikuwa uani anakimbiza kuku.

Ile siku ya 11 ndiyo iliyonishika. Hakuna neno la kutia moyo pale, wala sala sikuandika. Ni mtu aliyechoka ambaye hajui kesho ikoje, na bado kaandika gramu zake, kesho yake kaandika tena. Nilimhurumia kama vile ni mdogo wangu. Halafu nikaenda kumgeuza mama, na mikono yangu ilikuwa na nguvu kidogo.

Najua mama si mtoto mchanga. Ana miaka 68 na mkono huenda usirudi. Sijidanganyi kwa hilo. Ila nauliza: mkilemewa, maandishi yenu ya zamani yanawainua au yanawaumiza? Na je, nianze kuandika ya mama, hata kwa siku ambazo hakuna la kuandika?

Mwalimu wa Uvinza

Pole sana dada. Nina kauntabuku ya mwaka wangu wa kwanza kazini, 2011. Darasa la kwanza lilikuwa na watoto 94, na wiki ya pili nimeandika kabisa: "Narudi kwetu." Ukurasa wa nyuma niliorodhesha kila mtoto aliyeweza kusoma sentensi nzima. Hadi Novemba walifika 61. Nikichoka nafungua huko nyuma. Andika, dada. Tafuta kitu kimoja kinachohesabika, hata kama ni vijiko vya uji.

Atieno wa Doha

Pole dadangu. Mimi ni wa Kisumu, niko huku kikazi mwaka wa sita. Yangu niliyaandika kwenye simu, usiku, baada ya zamu. Nitasema ukweli: si yote ya kurudia. Ya mwaka wa kwanza huku yananipa nguvu, maana nilikuwa nahesabu riyali za kutuma nyumbani na leo mtoto amemaliza shule. Lakini yale ya ndoa yangu niliyasoma usiku mmoja nikiwa peke yangu, nikarudi kulekule nilikotoka. Siku tatu sikula vizuri. Sasa nasoma mchana, na nikiona kifua kinabana nafunga. Hata wewe, usisome zile kurasa za wodini usiku ukiwa umechoka.

Babu wa Pangani

Mwanangu, pole kwa kuuguza. Atieno amesema vyema. Mimi naongeza la kutunza. Shaaban Robert aliandikiana na ndugu yake Yusuf Ulenge tangu 1931 hadi 1958. Zilikuwa barua za ndugu kwa ndugu, na leo tunazisoma kwa sababu aliyezipokea hakuzichomea moto. Daftari lako lipige picha kwa simu, kila ukurasa, kisha mpe mtu mwingine nakala. Lisilale sakafuni, mchwa hawachagui. Wala usilifunge kwenye mfuko wa nailoni likiwa na unyevu, litaota ukungu. Mjukuu huyo akikua, hilo ni lake.

Mama wa Kihesa, Iringa

Shikamoo babu. Mwalimu, Atieno, asanteni sana. Picha nimeshapiga, nimemtumia mdogo wangu aliyeko Makambako.

Na nimeanza. Sikununua jipya, lile la bluu lina kurasa tisa zilizobaki:

"Wiki ya 7, Jumanne. Mkono: bado. Uji: kikombe kimoja na nusu. Amemwita mjukuu wake. Herufi ya mwisho haikutoka, mtoto ameitika hivyohivyo."