Baba amefariki Tabata, mimi niko Leicester: nianzie wapi?

Mwana wa Tabata, Leicester

Assalaam aleikum wanajamvi. Baba ametutoka leo alfajiri, hospitalini hukohuko Tabata, Dar. Wanamzika leo hii alasiri. Siwezi kuwahi, na hata ningeweza, nimeomba kuongezewa viza. Nikitoka Uingereza kabla ya jibu, ombi linahesabiwa nimelifuta mwenyewe. Mama anaingia eda. Mdogo wangu ana miaka 19. Simu hazikatiki, kila mtu "tuma hela", hakuna anayeniambia nifanye nini. Aliyepitia haya anisaidie.

Baba Nuru, Minneapolis

Inna lillahi wa inna ilayhi raajiuun. Pole sana ndugu yangu. Hela tuma, lakini kwa mtu mmoja, na asiwe yule anayepiga simu kuliko wote. Uliza nani ameshika daftari la rambirambi. Sanda, turubai, viti, mchele, maji, gari la kwenda makaburini, vyote vipite kwake. Mimi nilituma kwa watu wanne: mchele ukanunuliwa mara nne, sanda ikakopwa msikitini. Mengine atakujibu Mama Zuu, yeye yuko hukohuko.

Mama Zuu, Magomeni

Pole mdogo wangu, Mungu ampumzishe mzee. Mimi nilikuja Dar kumzika baba yangu nikiwa na tiketi ya wiki tatu. Huu ni mwaka wa pili. Kilichonikwamisha si ndugu wala mahakama, ni jina.

Mtu akifia hospitali, ndugu anapewa tangazo la kifo na kibali cha mazishi. Kwetu alikwenda mpwa wangu, kijana mzuri tu, machozi yanamtoka, fomu ameiweka gotini. Akaulizwa jina la marehemu, akataja analolijua: Dula Salum. Kitambulisho cha NIDA kinasema Abdallah Salum Abdallah. Benki ni Abdalla, bila ile h ya mwisho. Leseni ya makazi ya nyumba imeandikwa A. Salumu. Maiti mmoja, watu wanne! Nimekula kiapo cha majina mbele ya wakili, nikarudishwa kwa sababu kiapo kilitaja majina matatu tu, nikala kingine.

Kwa hiyo kabla hujajibu simu nyingine yoyote, mpigie aliyeko hospitali. Asimame dirishani na kitambulisho cha mzee mkononi, jina linakiliwe herufi kwa herufi, na tarehe ya kuzaliwa vilevile. Akupigie picha karatasi kabla hajatoka getini. Kosa likionekana pale, wanaandika upya. Likionekana baada ya cheti kutoka, utanikumbuka.

(Kwa wengine mnaosoma: aliyefia nyumbani, habari yake inaanzia serikali ya mtaa, kwa mtendaji. Mjumbe naye aambiwe, maana baadaye barua za utambulisho mtazifuata hukohuko.)

Baada ya hapo ni RITA, wakala wa serikali wa kuandikisha vifo, kwa ajili ya cheti cha kifo. Sheria inataka kifo kiandikishwe ndani ya siku 30, msingoje arobaini. Maombi siku hizi yanafanyika mtandaoni, kwa hiyo hata wewe huko Leicester unaweza kukaa na mdogo wako kwenye simu mkajaza pamoja. Cheti kikitoka, toeni nakala za kutosha zigongwe muhuri wa wakili. Kila ofisi inataka ya kwake na hairudishi.

Sasa kikao cha ukoo. Hapa usiwe mpole. Kikao ndicho kinachompendekeza msimamizi wa mirathi, na muhtasari wake, wenye sahihi za waliohudhuria, ndio unaopelekwa mahakamani. Kuingia kwa video ya WhatsApp ni vizuri, usikie nani anasema nini, ila video haina sahihi. Andika barua ya ridhaa, utie sahihi mbele ya ubalozi wetu London au mthibitishaji wa huko, ambatanisha nakala ya pasipoti, tuma karatasi yenyewe. Kwetu kaka aliyeko Oslo alisema "mimi nakubaliana na lolote", akalala. Tulimngoja wiki sita.

Msimamizi awe nani? Mama yako ana haki zote, lakini miezi minne na siku kumi za eda si za kuzunguka maofisini, na mahakama ya mwanzo ikishamteua msimamizi ana miezi minne ya kupeleka orodha ya mali na madeni. Mdogo wako ni mtu mzima kisheria, mengine mnajua nyinyi. Mnaweza kuwa wasimamizi wawili. Ila msimwachie baba mdogo kwa sababu tu ndiye mwenye sauti kubwa kwenye turubai. Msimamizi hajarithi, anagawa.

Kwa Dar mirathi ina kituo chake Temeke, Kituo Jumuishi cha masuala ya familia, mahakama ya mwanzo mpaka Mahakama Kuu mahali pamoja. Shehe atawapigia hesabu za mafungu na ni vizuri mumsikilize, lakini benki haitambui karatasi ya shehe, inataka uteuzi wa mahakama. Hali kadhalika mafao: kama mzee alikuwa serikalini mfuko wake ni PSSSF, sekta binafsi ni NSSF. Kaulizeni mapema.

Na simu ya mzee iwekwe mahali, laini iwe hai. Asitokee mtu wa kutoa hela kwa namba ya siri "ya mazishi". Hiyo nayo ni mali ya mirathi, na ndiyo inayoanza kugombanisha watu, hata ikiwa elfu themanini.

Mwana wa Tabata, Leicester

Ahsante dada, nimeisoma mara tatu. Nyumba ya Tabata baba alikuwa akisema ni yangu. Nikipata pasipoti ya huku itakuwaje?

Mama Zuu, Magomeni

Kusema si wosia, hilo la kwanza. La pili, kwetu mtu mzima hana uraia pacha. Ukichukua wa huko wa hapa umekwisha, na Sheria ya Ardhi ya 1999 ilivyotungwa haikumpa asiye raia kumiliki ardhi, isipokuwa kwa uwekezaji; mwaka 2025 ilirekebishwa kwa wenye asili ya Tanzania waliopewa hadhi maalumu. Kwa hiyo usiombe hiyo pasipoti kabla hujakaa na wakili wa ardhi. Ila leo si siku yake. Umempata wa hospitali?

Mwana wa Tabata, Leicester

Nimempata, ni mtoto wa shangazi. Alikuwa ameshapanda bajaji. Ametuma picha: wameandika Ramadhan, kitambulisho kinasema Ramadhani. Amemwambia dereva ageuze.