Mafaili yameshapangwa, nataka kuyaunganisha: lupu ya mkono, sorted, heapq.merge au sort -m?

FundiMoro
Wakuu, habari za mchana. Nina mafaili 12, kila tawi la duka na lake, miamala ya mwaka mzima. Kila faili limepangwa kwa tarehe na saa, mstari unaanza hivi: 2024-03-09 08:15. Nataka faili moja lenye mpangilio huohuo. Jumla ni GB 9, laptopu yangu ina ramu GB 8. Nilisoma yote kwenye orodha moja ya Python nikaita sorted iipange, mashine ikaganda mpaka nikaizima kwa kitufe. Nyie mnatumia njia gani?

mzee_wa_C
Andika mwenyewe, kijana. Kidole kimoja mwanzo wa faili A, kingine mwanzo wa B. Mstari mdogo unautoa, unasogeza kidole chake. Moja likiisha, mwaga lililobaki kama lilivyo. Ukiwa na mistari m na n, hutalinganisha zaidi ya mara m + n − 1. Mwanahisabati John von Neumann alikuwa na wazo hili tangu 1945, na halijachuja.

bintiSQL
Shikamoo mzee. Hiyo ni ya mafaili mawili, mwenzetu ana 12. Akiunganisha la kwanza na la pili, kisha tokeo na la tatu, akaenda hivyo hadi mwisho, mistari ya faili la kwanza itakuwa imenakiliwa mara 11. Kwa GB 9 diski italia.

Afadhali vichwa vyote 12, yaani mstari wa mbele wa kila faili, vishindane kwa pamoja kwenye lundo (heap). Mdogo kuliko wote anakaa juu. Akitoka, anayemfuata kutoka faili lilelile anaingia. Lundo la vichwa 12 lina ngazi 4 tu, na kwenye ramu unashika mistari 12, si mamilioni. Python inayo tangu toleo la 2.6:

`for mstari in heapq.merge(*mafaili): tokeo.write(mstari)`

Angalizo: faili ambalo mstari wake wa mwisho hauna alama ya kushuka chini litagandisha mstari huo na unaofuata. Iliwahi kunila jioni nzima.

mzee_wa_C
Marahaba binti. Kwa 12 nimekubali.

kipanga07
Msiidharau sorted, jamani. Ndani yake kuna Timsort, mbinu ya kupanga ya Tim Peters, ya 2002; kazi yake ya kwanza ni kutafuta vipande ambavyo tayari vimepangwa. Ukiipa `a + b` inaona vipande viwili, inaviunganisha, basi. Kwangu huwa inaiacha heapq.merge mbali, kwa sababu sorted imeandikwa kwa C na heapq.merge ni Python tupu. Orodha zikienea kwenye ramu, sioni kwa nini ujisumbue.

FundiMoro
Ndiyo shida yangu mkuu, hazienei.

nassor_terminali
Hapo Python ya nini? Tumia amri ya sort kwenye terminali:

`LC_ALL=C sort -m tawi*.csv -o yote.csv`

Hiyo -m inaiambia sort isipange upya, iunganishe tu. LC_ALL=C inailazimisha ilinganishe baiti kwa baiti, vinginevyo mpangilio unafuata lugha ya mashine na unaweza kukushangaza.

FundiMoro
Imemaliza haraka, lakini tokeo lina kituko. Kila siku mchana, baada ya 12:40 hivi, inatapika miamala ya tawi la 7 ya siku nzima kwa mkupuo: 01:05, 02:15, 03:30 mpaka 11:50. Halafu matawi mengine yanaendelea na 12:41.

bintiSQL
Faili la 7 halijapangwa. Kuunganisha hakukagui kitu, kunakuamini tu. Kichwa cha 12:40 kilikaa kikisubiri wenzake wapite, kilipotoka, 01:05 iliyokuwa nyuma yake ikaonekana ndogo kuliko wote, ikatoka, na nyingine zikafuata. Kimbiza `LC_ALL=C sort -c tawi7.csv`, itakuonyesha mstari wa kwanza uliokosea.

mzee_wa_C
Nani anajaza saa kwenye tawi hilo? Mbona naona kama duka linafunguliwa saa 12 asubuhi, halafu saa 1, saa 2...

FundiMoro
Haki ya nani! Karani anaandika kwa mkono, tena kwa saa za Kiswahili. Faili limepangwa vizuri kabisa, ila kwa saa ya ukutani kwake 😂

kipanga07
😂😂 Duka linafungwa saa ngapi?

FundiMoro
Kabla ya saa 12 jioni, kwa hiyo hakuna mkanganyiko. 12 nimeifanya 06, zilizobaki nimeongeza 6. Sikuhitaji hata kulipanga upya. sort -c imepita mafaili yote 12 kimya, nimerudia sort -m, na idadi ya mistari ya tokeo kwa wc -l ni sawa na jumla ya matawi. Mzee, shikamoo yako ya pili hiyo.