Kompyuta kuukuu za skuli: wapewe vijana wajenge kerneli, au ziuzwe chakavu?

Maalim wa Chake (mwenye mada)

Assalamu alaykum ndugu zangu wa Unguja na Pemba. Kamati ya skuli yetu inakutana baada ya wiki mbili, nami nimetakiwa nipeleke maoni. Nataka kwanza niyasikie yenu.

Stoo yetu hapa Chake Chake ina kompyuta 14 zenye prosesa (chipu inayotekeleza maelekezo) ya Intel Pentium 4. Hizi zetu ni za biti 32, na nyingi zina kumbukumbu ya megabaiti 512. Zililetwa kwa msaada zikiwa zimeshatumika, tukazitumia tena miaka mingi, sasa zimefunikwa kanga. Nusu ya kamati inasema ziuzwe chakavu tutengeneze madarasa. Nusu nyengine inasema zisafishwe zirudi kwa wanafunzi. Halafu wamekuja vijana sita, wanne wamemaliza kidato cha sita na wawili bado wanasoma, wakaomba jambo ambalo hakuna aliyelitarajia: wapewe mashine nne waandike kerneli yao wenyewe. Moja nimeshawaachia kwa majaribio.

Kwa asiyejua, kerneli ni kiini cha mfumo endeshi. Ndiyo inayogawa kumbukumbu, inayopanga zamu za prosesa, na inayozungumza na kibodi, diski na kioo. Programu nyengine zote zinapita kwake kuomba.

Msimamo wangu ni kwamba wapewe. Hawataunda mfumo wa kushindana na Windows, na wala wao hawajalisema hilo. Ninalolifikiria ni tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10. Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni. Kompyuta zima kabisa zikahesabika kuukuu bila kulegea hata skrubu moja. Pale skulini kwetu hakukuwa na mtu wa kutueleza ni kitu gani hasa kilichobadilika huko chini. Tulipokea tu. Mimi nimechoka kupokea, na hawa vijana wamekuja wenyewe wakisema wanataka kushuka huko chini wakaone.

Anayepinga apinge. Karibuni.

Fundi wa Mkunazini

Wa alaykum salaam Maalim. Natengeneza kompyuta hapa mjini mwaka wa 17 huu, na napinga. Usinikasirikie.

Mteja akiniletea mashine anataka iwake, ifungue barua aliyotumiwa, ichapishe. Kerneli ya vijana sita haitakuwa na dereva, yaani programu ya kuzungumza na kifaa, ya printa wala ya kadi ya mtandao. Dereva moja tu ya mtandao inaweza kumla mtu miezi. Na kazi hiyo wenzetu wameshaifanya. NetBSD, mfumo endeshi wa bure, ipo tangu 1993, na sifa yake kubwa ni kuhamishika kwenye mashine za kila namna. Pentium 4 zako bado inazikubali. Ukipendelea Linux, mfumo mwengine wa bure, fanya haraka, maana mlango unafungwa: kerneli ya Linux ilishaacha prosesa za zamani za 386 tangu toleo la 3.8 mwaka 2013, na Debian 13, mmoja wa mifumo ya Linux, iliyotoka Agosti 2025 haina tena kisakinishi cha biti 32. Debian 12 bado inaingia. Toa kumbukumbu kwenye mashine mbovu uongeze kwenye nzima, kila moja ipate gigabaiti 1, uweke mfumo mwepesi. Watoto wajifunze kuandika barua na kutumia jedwali la hesabu. Hiyo ndiyo haki yao ya kwanza.

Tena fungua maboksi kabla hujaahidi mtu kitu. Mashine za miaka ile zina ugonjwa wa kapasita. Angalia vile visilinda vidogo pembeni ya prosesa: kikiwa kimevimba kichwa au kimetoa utando wa kahawia, kimekwisha. Na hewa yetu ya chumvi inakula miguu ya soketi mpaka inakuwa kijani. Katika 14, ukipata tisa zinazowaka mshukuru Mungu.

Mama wa Wete

Maalim, mmoja katika hao sita ni binti yangu. Anarudi usiku macho mekundu, namuuliza mmefanya nini leo, ananambia "tumeandika herufi A kwenye kioo". Siku nne, herufi moja!

Mimi nauza vitambaa, mambo haya sikuyasoma. Lakini kaka yake alijifunza ufundi umeme, na mwezi wa pili tu alishaanza kuleta chochote nyumbani. Huyu ana akili kuliko kaka yake, na ndiyo maana naogopa. Simkatazi asije. Nataka kujua tu, kwa nini herufi moja ichukue siku nne, na itampatia nini?

Maalim wa Chake

Mama yangu, natamani kamati nayo ingeuliza kama ulivyouliza wewe.

Kompyuta ikiwashwa, programu iliyomo ndani ya chipu yake, inaitwa BIOS, inasoma sehemu ya kwanza tu ya diski. Ni baiti 512, basi. Inaziweka kwenye kumbukumbu mahali panapoitwa 0x7C00 na kuiambia prosesa ianzie hapo. Baiti mbili za mwisho zisipokuwa 55 na AA, inakataa. Kwa hiyo umebaki na baiti 510 za kuandika maelekezo ya kwenda kuchukua programu iliyobaki. Na saa hiyo Pentium 4 inajifanya prosesa ya biti 16 ya mwaka 1978, mpaka uiandalie majedwali yake na kuipandisha hatua kwa hatua ifike biti 32. Huna Windows wala amri ya "andika". Ukitaka A ionekane, unapeleka namba 65 kwenye anwani 0xB8000, na namba ya rangi pembeni yake. Siku binti yako alipoiona ile A, kila kilichotangulia tangu kile kipande cha mwanzo alikuwa amekiandika yeye na wenzake.

Lakini jambo lililonifanya niwatetee lilitokea wiki iliyofuata. Kwenye laptop yangu tuna QEMU, programu inayoigiza kompyuta nzima, na humo kerneli yao ilikuwa inakwenda vizuri sana. Wakaitia kwenye fleshi, wakaichomeka kwenye mashine halisi. Ikawaka, ikajizima, ikawaka, ikajizima, haikomi. Siku tatu. Hapo ndipo ile A ikageuka chombo cha kazi: waliamua kila hatua ikipita salama iandike herufi yake. Kioo kikaonyesha A, B, C, kisha giza. Kumbe hatua ya nne ilikuwa inasoma kigezo, yaani nafasi ya kumbukumbu yenye jina, ambacho hakuna aliyekipa thamani. Ndani ya QEMU kumbukumbu inaanza ikiwa sifuri tupu, kwa hiyo kigezo kilikuwa sifuri na kila kitu kikaenda. Mashine halisi inaamka na takataka kwenye kumbukumbu. Kigezo kikabeba namba isiyo na maana, prosesa ikarukia pasipo na kitu, ikakosa njia ya kushughulikia kosa, ikakosa tena, na kosa la tatu linaiwasha upya. Dawa yake ilikuwa mistari minne ya kulisafisha lile eneo liwe sifuri kabla ya kuanza.

Aliyeliona ni binti yako, saa moja na nusu usiku, kidole kwenye daftari, anashuka mstari kwa mstari. Nilikuwa nimekaa pembeni yake.

Kuhusu kipato sitakudanganya, hiyo A haina mshahara. Ila mita ya umeme ya tukuza iliyo ukutani kwako ni kompyuta, na ndani yake kuna programu iliyoandikwa na mtu anayejua kazi ya namna hiihii, karibu kabisa na chuma. Mtu huyo anaweza kuwa mtoto wa Wete.

Mpemba aliye Dar

Maalim wangu, ulinifundisha hesabu kidato cha pili, kwa hiyo napinga kwa adabu. Kazi yangu ni seva.

Kerneli waandike, tena wote sita. Ubaya uko kwenye hayo machuma. Chuo cha MIT cha Marekani walianza kufundishia kerneli ndogo ya xv6 mwaka 2006 juu ya prosesa za aina ya Intel, na mwaka 2019 wakahamia RISC-V, muundo mwengine wa prosesa. Waliona familia hii ya Pentium imebeba mizigo ya zamani mno. Mfano mmoja tu ni lango la A20. Mwaka 1984 IBM walipotoa PC AT waliweka mlango wa anwani ya kumbukumbu chini ya chipu ya kibodi, ili programu za zamani zisivurugike. Kijana wa Pemba wa leo akatumie jioni zake kuiomba ruhusa chipu ya kibodi? RISC-V ni safi, maelezo yake ni wazi kwa kila mtu, na QEMU inaiigiza bure kwenye laptop yoyote.

Halafu umeme. Prosesa ya Pentium 4 peke yake, bila kioo, inaweza kula wati 80 na zaidi ikiwa kazini. Raspberry Pi 4 nzima haifiki 10. Nani analipa?

Na tuwaambie vijana ukweli wote. Kila mtu anawasimulia Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, wa mwaka 1991, mwanafunzi wa Helsinki aliyesema hiki ni kitu cha kujifurahisha tu. Hakuna anayewasimulia kerneli ya Hurd, iliyoanzwa 1990 na watu wazoefu wa GNU, mradi wa programu huria, na mpaka leo haijawa mfumo wa watu wa kawaida.

Maalim wa Chake

Mdogo wangu, la umeme umenishika. Nitaliandika kwenye maoni: mashine mbili tu ziwake kwa wakati mmoja, jioni, na kazi ya kuandika ifanyike kwenye laptop.

Hurd nitawasimulia, haki yao kujua.

Kwenye QEMU peke yake hatutakubaliana. Kile kigezo kisingeonekana kamwe. Wangeendelea na kosa lao miezi, wakiamini kazi ni njema, kwa kuwa kiigizo kiliwasitiri. Lakini umenipa wazo, na nimewapelekea leo asubuhi: kerneli iwe moja, miili miwili. Pentium 4 ya chuma, na RISC-V ya kuigiza. Wakifanya hivyo watalazimika kutenga msimbo unaoijua mashine na ule usioijua. Majedwali ya Pentium, 0xB8000 na hilo lango lako la A20 yakae folda moja. Kupanga zamu na kugawa kumbukumbu vikae folda nyengine visiguswe. Mpaka huo ukiwekwa pabaya, kuhamisha kerneli ni kuiandika upya. NetBSD aliyoitaja Fundi inaishi kwa nidhamu hiyo, na hakuna namna ya kuijua mpaka uwe na mashine mbili zisizofanana.

Na Fundi wangu, la darasani nimelikubali. Zile zinazowaka vizuri ziwekewe mfumo ulio tayari, ziende kwa watoto kwanza. Vijana wapewe nne za mwisho.

Mjumbe wa kamati

Nimesoma yote. Maalim, hukuwaambia watu kwamba madarasa mawili yanavuja. Wakati wa masika watoto 40 wanasogezwa upande mmoja. Mimi ndiye niliyesema ziuzwe, na bado nasema. Vijana sita ni watoto wetu na wale 40 pia ni watoto wetu.

Fundi wa Mkunazini

Mheshimiwa, kwa bei ya chakavu ninayoijua mimi, usitegemee bati nyingi. Waulize wanunuzi kwanza, upate namba mkononi kabla ya kikao.

Maalim, bado nasema kerneli hiyo haitamhudumia mteja hata mmoja. Lakini kisa cha A, B, C nimekisoma mara mbili. Wiki ijayo nina safari ya Wete. Nitakuja na kapasita na pasi ya kuchomea, tufungue zote 14. Nitakuletea na kebo ya siriali: Pentium 4 zina mlango huo nyuma, anwani 0x3F8. Waambie waandike ujumbe wao huko badala ya kuhesabu herufi kwenye kioo. Mashine ikijizima, maneno yanabaki kwenye laptop.

Mama wa Wete

Fundi, ukifika Wete pitia nyumbani, chakula kipo. Binti anataka kukuuliza mambo ya hiyo kebo, ameshaandika maswali ukurasa mzima.

Mjumbe wa kamati

Bei ya chakavu nitauliza. Na nani atashika funguo ya stoo usiku?

Maalim wa Chake

Mimi. Weka jina langu kwenye daftari la kamati, nitatia saini.