Mrejesho: jamaa aliyejifanya mpenzi wangu kwenye kwanjula

Jamani asanteni sana. Niliwauliza nifanyeje na rafiki niliyemuomba ajifanye mpenzi wangu kwenye kwanjula ya binamu (ile sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi) kule Masaka, Uganda, halafu moyo ukaanza kudunda kweli. Ule ushauri wa kumtia wivu haukusaidia kitu, alininunia tu. Nikafuata wa dada aliyesema nimwambie ana kwa ana siyo kwa meseji, basi tukakaa kwa muuza rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai) pale Wandegeya, Kampala, nikamwaga yote, jamaa kimya mpaka chapati ikapoa mkononi, ndo akasema na yeye tangu mashangazi walipomwona na kanzu wakamwita mkwe hajatulia. Ila hataki haraka, ametoka kuachana na mtu. Mama bado hajui yalikuwa maigizo, hapo sijapata dawa.